Mazishi ya Ukumbi wa Kina Diarra

Bibi yangu, Batoma Traore, ana ugonjwa mmoja tu, nao ni mdomo. Alizaliwa nao Konodimini, akaolewa nao hapa Segu, na hakuna mganga aliyewahi kudai kwamba anaweza kumponya. Mimi ni mjukuu wake, jina langu Sitan, lakini yeye huniita mke mwenza. Eti nilikuja kumnyang'anya mume. Mume mwenyewe, yaani babu yangu Nci Diarra, alikuwa akicheka tu na kusema kwamba wake wawili ni wengi kwa mtu mwenye ugali mdogo.

Traore na Diarra ni watani. Mtani akikutukana, unashukuru. Akikuomba kitu humnyimi, na akija kufanya vituko msibani kwenu unamtafutia mahali pa kukaa. Ukikasirika, mkosaji ni wewe, na mtaa mzima utauliza ulilelewa wapi. Sasa chukua mwanamke wa kina Traore, mwenye mdomo kama wa Bibi, umwoze katikati ya Diarra. Mume ni mtani, baba mkwe mtani, mashemeji watani. Hata watoto aliowazaa kwa uchungu wake mwenyewe ni watani, maana mtoto hufuata ukoo wa baba. Tangu aolewe hajawahi kukosa mtu wa kumchokoza, na sidhani kama yuko mwanamke aliyeifaidi ndoa kuliko yeye.

Siku alipoletwa alipitishwa ukumbini, kwa sababu nyumba yetu huwezi kufika uani bila kupita ukumbi wa lango. Ni chumba kirefu cha udongo. Mlango mmoja unatazama barabara, wa pili unatazama uani, na katikati ni kivuli kizito ambacho jicho hukizoea polepole. Wazee wa kina Diarra walikuwa wamejipanga humo juu ya mikeka, kanzu zimepigwa rungu la mti mpaka zinang'aa, wakimngoja bibi arusi apige magoti. Bibi arusi akasimama wima chini ya shela.

"Kwanza niambieni," akasema, "nani amekula kunde humu ndani?"

Mla kunde ndilo tusi letu kubwa, na Diarra hulipokea kila siku kabla ya chai. Baba mkwe wake akakohoa ili asicheke.

"Mtoto wa Traore, piga magoti. Kunde hizo utazipika wewe."

"Nitazipika, baba. Ila mtazilia nje. Ukumbi huu ni mzuri, msiuharibu."

Hivyo ndivyo anavyosimulia yeye. Wengine husema alikuwa akitetemeka na sauti haikutoka vizuri. Lakini kuhusu ukumbi hakuwa anatania, aliupenda tangu siku hiyo.

Na unapendeka. Kuta zake ni nyekundu, kwa sababu udongo wa mtoni huchanganywa na makapi ya mpunga na mashapo ya siagi ya mti wa shea, ukaachwa uoze mpaka majirani walalamike, ndipo unapopakwa. Hupakwa kwa viganja, si kwa mwiko. Ukisogeza uso karibu na ukuta unaona vidole vya watu: karibu na mlango wa uani kuna mkono wa baba mdogo aliyekatwa kidole na pampu ya maji, na chini kabisa kuna viganja vyangu vya utoto, vimepaka ovyo. Juu ni boriti za mvumo, nyeusi kwa moshi wa taa za zamani. Kuna tundu ukutani ambamo Bibi huficha kola zake, zile kokwa chungu za kutafuna, na kila mtu analijua, ila yeye hajui kwamba tunalijua. Joto la Aprili likipamba moto, kuku wakaanza kuachama midomo uani, humo ndani bado unaweza kuvuta pumzi.

Upande mmoja wa ukuta umejengewa kibaraza cha udongo, na kibaraza hicho kimelainika mpaka kinang'aa. Bibi huwaonyesha wageni.

"Ukoo huu umeacha alama moja tu duniani," huwaambia, "na ni ya makalio."

Humo ndimo alimofanyia kazi maisha yake yote. Bibi anatengeneza sumbala, zile mbegu zinazochemshwa na kuchachushwa, ambazo mchuzi bila hizo ni maji ya kuoshea vyombo. Harufu yake inamfikia mgeni kabla mgeni hajafika mlangoni. Bibi hukaa kizingitini, hufinyanga mbegu zile ziwe matonge, na siku ya Jumatatu huyapeleka sokoni. Baba yangu, Zumana, alizaliwa ukumbini hapo hapo, kwa sababu uchungu ulimkuta Bibi akirudi sokoni na hakuwahi kufika uani. Mpaka leo akimkasirikia humwita mgeni, kwa sababu hakusubiri kukaribishwa ndani.

Na humo ndimo Babu alimofia. Kifua kilipomzidia aliomba mkeka wake uhamishiwe ukumbini, apate ubaridi na awaone wapita njia. Alifariki mchana mmoja wa joto. Watani wakaja, kama inavyopasa. Fotigi, mdogo wake Bibi, alivaa kanzu ya marehemu na kofia yake, akatembea uani akikohoa kikohozi chake hasa, akauliza nani amekula sehemu yake ya nyama. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mimi pia nilicheka. Baba hakucheka, nami nilidhani ni uchovu.

Bibi alipomaliza eda alirudi kizingitini na matonge yake. Kila mchana, watu wakiwa wamelala, alikuwa akiweka kiganja ukutani na kukiacha hapo. Nilimwona mara nyingi. Sikumuuliza, kwa sababu ukimuuliza Bibi jambo kama hilo atakujibu kwamba anaushikilia ukuta usiwaangukie wala kunde.

Baba anauza vipuri vya pikipiki, na ni mtu mtaratibu. Ndiyo maana tulishangaa siku alipotangaza, baada ya chakula, kwamba ukumbi utavunjwa. Mahali pake patajengwa maduka mawili ya saruji yenye milango ya chuma, na pembeni geti kubwa la kupitisha gari.

"Gari gani?" akauliza Bibi.

"Gari litakalokuja, mama."

"Basi na geti lije nalo siku hiyo hiyo. Lisitangulie, litachoka kusubiri."

Wanaume wa ukoo walikutana, wakakubali. Udongo ni kazi ya kila mwaka, walisema, na vijana wa siku hizi hawataki kuchafua mikono. Wake za watu hawaulizwi katika mkutano kama huo, hata wakiwa wamekaa katika nyumba muda mrefu kuliko boriti. Nilimwambia Bibi amfuate Baba azungumze naye mtu na mwanawe, ila aache mzaha kwa siku moja tu.

Alijaribu. Namshuhudia kwamba alijaribu. Alivaa kitenge safi, akamfuata Baba alipokuwa akijiandaa kwenda dukani, akaanza vizuri kabisa.

"Zumana, mwanangu, nina neno."

Baba akageuka. Alikuwa amevaa miwani mipya ya jua, mikubwa, ya dhahabu dhahabu. Nikamwona Bibi akiumeza mzaha, ukamkwama, ukatoka.

"Neno langu ni kwamba nzi mkubwa hivi sijawahi kumwona."

Baba akawasha pikipiki akaondoka. Bibi akabaki amesimama uani, kitenge chake safi, mikono haina kazi. Aliogopa. Watu wa nje wasingejua, mimi nilimjua. Mwanamke huyu hakuwa na kitu kingine duniani alichokitaka, na kitu chenyewe kilikuwa kinasubiri sururu.

Baba alimpata fundi kwa simu. Rafiki alimpa namba, wakaongea kazi, wakaelewana siku, basi. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo babu zake wasingelifanya hata usingizini: hakumuuliza ukoo. Kwetu mtu akija kuomba maji ya kunywa, kikombe hakijafika mkononi ameshataja ukoo wake na ukoo wa mama yake. Lakini kwenye simu salio linakwenda, na Baba ni mfanyabiashara.

Fundi alifika asubuhi na vijana wake wawili, sururu begani. Alimkuta Bibi kizingitini.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama, mama. Nyinyi hapa?"

"Hatujambo. Wa nyumbani kwako?"

"Hawajambo."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na jina lako nani, mwanangu, nisikuite wewe wewe?"

"Naitwa Solo, mama. Solo Traore."

Bibi akaliweka chini tonge alilokuwa akilifinyanga. Akajifuta mikono, kidole kwa kidole.

"Traore wa wapi?"

"Wa Dugukuna."

"Mama yangu alikuwa na shangazi Dugukuna. Na umekuja kufanya nini hapa, Traore?"

"Kuvunja huu ukumbi wa mzee Diarra."

"Kumbe. Basi huyu ni marehemu wa kina Diarra. Na wewe Traore mzima umekuja na sururu kumchimbia Diarra kaburi, hujadai hata haki yako ya mtani?"

Solo aliitazama sururu. Akautazama ukumbi. Akamtazama Baba, ambaye ndiyo kwanza anatoka uani na mswaki mdomoni. Nikaona tabasamu likimpanda fundi polepole kuanzia kidevuni.

"Mama, umeniokoa," akasema. "Ningerudi nyumbani na uso gani?"

Akatupa sururu, akajilaza kizingitini, akaanza kulia kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini. Alimlilia marehemu ukumbi, mcha Mungu, aliyefariki kwa sababu ya kunukishwa kunde vizazi na vizazi. Mmoja wa vijana wake, aliyekuwa wa ukoo wa Kulibali na utani huo haukumhusu, naye akalia kwa kumwonea huruma bosi wake.

Baba akatoa mswaki. "Fundi, vipi?"

"Pole kwa msiba, mtani," akasema Solo bila kuinuka. "Tumeupokea kwa mshtuko."

Habari ya msiba haihitaji simu. Traore wa mtaa walianza kuingia mmoja mmoja, kisha makundi. Mjomba Fotigi alitoka Konodimini amepakiwa nyuma ya pikipiki, kakumbatia birika la kuoshea maiti. Wanawake wa kina Traore walifunga viuno wakaziosha kuta, wakizisugua kwa adabu, wakigeuza nyuso walipofika sehemu za chini. Mtu alileta kamba kupima sanda, akatangaza kwamba nguo zote za soko la Segu hazitoshi, kwa hiyo Diarra wauze pikipiki. Shangazi mmoja, sijui wa nani, alikikumbatia kibaraza na kukililia kwamba nani sasa atayabeba makalio ya watu wale. Mtaa wote ulikuwa nje, watu wanashikana wasianguke.

Baba alisimama katikati yao amechemka, hana pa kumwagikia. Mtani hakasirikiwi, na mashahidi walikuwa wengi. Akacheka kwa meno tu.

"Haya, watani," akasema. "Nimewasikia. Leteni haja zenu, niwape kola, mwondoke, fundi afanye kazi."

"Kola tunazo," akasema Mjomba Fotigi. "Tunataka maiti."

"Maiti ipi?"

"Hii. Nyinyi mmeshaichoka. Tupeni, tutajizikia wenyewe."

Baba alikuwa amechoka, na jua lilikuwa limepanda. Nadhani aliona ni upuuzi tu, maana nani ataubeba mgongoni ukumbi wa udongo mpaka Konodimini?

"Chukueni," akasema. "Mkiweza kumbeba, mbebeni."

Kelele zikakatika. Hata shangazi wa kibarazani aliacha kulia. Mjomba Fotigi akageuka akawatazama wazee wa mtaa waliokuwa wamesimama ng'ambo ya barabara.

"Wazee, mmesikia?"

"Tumesikia," wakajibu.

Alichopewa mtani mbele ya watu hakirudi. Baba alilijua hilo tangu akiwa mchanga, ila lilimjia baada ya ulimi kumaliza kazi yake. Solo akainuka, akajikung'uta.

"Kwetu Konodimini," Mjomba akamwambia, "maiti huoshwa, na hupakwa mafuta."

Na fundi aliyeletwa kubomoa alikwenda mtoni na vijana wake kuchimba udongo. Mvua zilipokatika, ukumbi ulipakwa upya na siagi ya shea juu yake, mwekundu kuliko wa jirani yeyote. Traore hawakuubeba. Waliutembelea tu, kila alasiri, wakikaa kibarazani kuhakikisha marehemu anaendelea vizuri. Bibi alitawala humo kama mfalme asiye na mpinzani. Alimtoza kila Diarra aliyepita salamu ya heshima, na Diarra aliyesahau alirudishwa nje aingie upya.

Ila Baba hakupita. Alikuwa akitoka kwa nyuma, kupitia ukuta uliobomoka wa jirani, pikipiki akiiacha kwa fundi viatu. Mtaani walisema anaona haya. Bibi alisema anakwepa ushuru, akaongeza utani, akawa anaupazia sauti ili umfikie mpaka chumbani. Nami niliona ni haki yake, nikawa namsaidia.

Mchana mmoja nilikuwa ukumbini napeta mbegu, Bibi yuko kwenye mkeka. Baba akaja kwenye mlango wa upande wa uani. Akasimama nje ya kizingiti.

"Mama, naomba ruhusa nifungue mlango kule nyuma."

"Mlango wa nini? Lango si hili?"

"Hili ni lenu."

"Tumekusamehe, mla kunde. Pita bure leo."

Baba hakucheka. "Mimi siwezi kupita humu, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Baba afariki."

Nikaacha kupeta. Baba alikuwa akiutazama mkeka, si sisi.

"Kila nikiingia namkuta chini ya shuka," akasema. "Ulinituma ugoro. Ulisema anautaka ule wa yule mwanamke wa Pelengana, hataki mwingine. Nikaenda mpaka Pelengana. Nikarudi nao mkononi, naingia hapa, mmeshamfunika. Na sijakaa, Mjomba huyo kavaa kanzu yake anakohoa, na nyinyi wote mnacheka. Maduka sina haja nayo. Nilitaka tu niwe napita njia nyingine."

"Kwa nini hukuniambia, Zumana?"

"Nikuambie vipi? Kwako kila kitu ni mzaha."

Wanasema mzaha mzaha hutunga usaha. Nilikuwa nikiisikia methali hiyo tangu mtoto, na siku ile nikauona usaha wenyewe. Niliona haya kwa kila kicheko nilichocheka. Bibi aliikunja ncha ya mkeka, akaikunjua.

"Baba yako aliacha ugoro wewe ukiwa unanyonya," akasema mwishowe.

"Uliniambia ameutaka."

"Nilikudanganya. Yeye ndiye aliyeniambia. Alisema, 'Traore, nakwenda. Mtume huyu mtoto mbali. Akiniona ninavyohangaika na pumzi, hatapita tena humu.' Ndipo nikaitafuta safari ndefu." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu nisiyemjua. "Nilisema nitakwambia baada ya arobaini. Kisha nikaona umetulia, nikadhani umepoa."

Baba alishika mwimo wa mlango.

"Kwa hiyo hakuwa ananingoja."

"Alikuwa anangoja uondoke. Ulipovuka mlango ule wa barabarani alikutazama. Akasema, 'Mwone anavyotembea, magoti nje kama mimi.' Akacheka, kikohozi kikamshika. Hakusema neno jingine."

Baba akauliza Babu alilala upande gani. Bibi akajisogeza, akampigia mkeka kwa kiganja: hapa, kichwa kimeegemea kibaraza, ili aione barabara.

Baba akavua viatu. Akavuka kizingiti, akaketi pale pale, mgongo kibarazani, akatazama nje kupitia mlango wa mbele. Mtu alipita na punda, kisha wasichana wawili na beseni za maembe. Nilimwona Bibi mdomo ukimcheza. Neno lilikuwa tayari, labda matatu. Akakamata ncha ya kilemba akaiuma.

Walikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri. Baba akainuka, akavaa viatu, akatoka kwa mlango wa barabara. Bibi alinyoosha shingo, akamfuata kwa macho mpaka kwenye kona, akiyatazama magoti.